Fundi wa Grini

Wiki hii nyumba yetu imeendeshwa na ratiba za watoto. Binti yangu mkubwa yumo kwenye mchujo wa timu ya netiboli ya shule yao, wanajiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na kila siku anarudi magharibi akiwa na vumbi hadi magotini na njaa ya kumaliza sufuria. Mama yao amebanwa na kufunga mahesabu ya mwezi kazini, kwa hiyo jikoni nimesimama mimi: makande, ndizi nyama, tena makande, na parachichi kila mlo kwa sababu mti wa jirani umezaa sana na jirani hana choyo. Kijana wangu wa darasa la sita alikuwa na mtihani wa hisabati, akafaulu. Hayo ndiyo ya katikati ya wiki, namshukuru Mungu. Ninayotaka kuyaeleza kwa kirefu ni ya Jumamosi.

Jumamosi asubuhi kijana huyu hucheza gofu. Tunaishi Moshi, na watoto wa hapa wameachiwa saa za mwanzo uwanjani, kabla watu wazima hawajaanza raundi zao. Anayewafundisha ni kedi mzee ambaye amebeba mifuko ya wachezaji maisha yake yote. Wenzake wanamwita Meku, kwa heshima ya Kichaga apewayo mzee. Watoto wanamwita Babu. Hana cheti cha ukocha. Alianza kazi akiwa kijana, enzi ambazo viwanja vingi vya Afrika Mashariki havikuwa na grini za nyasi bali brauni, yaani duara la mchanga uliochanganywa na mafuta, ambalo kedi alilisawazisha kwa kuburuta gunia au ubao kabla bwana wake hajapiga. Kazi yake leo ni kuwafundisha watoto namna ya kuusoma mteremko wa grini na kuusukuma mpira hadi shimoni. Wenyewe uwanjani wanasema kuputi. Nimemtazama kwa muda mrefu sasa, na sijachoka kumtazama.

Kwanza, Babu huanza na shimo. Watoto wanaokuja mara ya kwanza wanataka kupiga mpira upotelee angani, kama walivyoona kwenye televisheni, na baba zao wanataka hivyo hivyo. Yeye huwapeleka grini, anaweka mpira hatua moja tu kutoka shimoni, anamwambia mtoto autumbukize. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108 dunia nzima. Mpira una milimita 42.67 au zaidi kidogo. Kwa umbali wa hatua moja, mtoto wa miaka sita anaweza. Mpira unaanguka, unagonga chini, na ule mlio anausikia mwenyewe. Babu anaurudisha nyuma kidogo. Tena kidogo. Wiki zinapita kabla mtoto hajakabidhiwa fimbo ndefu.

Earl Woods alimlea mwanawe Tiger kimchezo kwa mpangilio huo huo: grini kwanza, kisha mipigo mifupi ya pembeni, mwisho kabisa ule mpigo mkubwa wa kuanzia. Baba wengi wanaifahamu hadithi ya Tiger Woods kwa ule ushindi wa mashindano ya Masters ya mwaka 1997, akiwa na miaka 21, alipomwacha aliyemfuata kwa mikwaju 12. Wachache wanajua kwamba safari ile ilianzia karibu na shimo. Nayo hesabu ya mchezo inakubaliana na Earl Woods na Babu wote wawili. Uwanja wa kawaida wa mashimo 18 huhesabiwa mikwaju 72, na kati ya hiyo, 36 imetengwa kwa ajili ya grini, miwili kwa kila shimo. Nusu ya mchezo inachezwa mahali ambapo nguvu hazihitajiki kabisa.

Kinachohitajika ni macho, na hapa ndipo ufundi wa mzee huyu unapoanza kunishangaza. Moshi imeegemea Mlima Kilimanjaro. Kilele chake, Kibo, kiko kaskazini yetu, mita 5,895 juu ya bahari, na ardhi yote inashuka kutoka huko kwenda kusini, kuelekea mashamba ya miwa ya TPC na bwawa la Nyumba ya Mungu. Mto Karanga na Mto Rau inafuata mwelekeo huo. Mtu aliyesimama kwenye ardhi iliyoinama yote huanza kuichukulia kuwa tambarare, maana jicho halina cha kulinganisha nacho. Basi grini inayoonekana kupanda kwa kweli inaweza kuwa inashuka, na mpira unaotazamiwa kwenda moja kwa moja unakata kusini kana kwamba umeitwa. Wageni kutoka Dar es Salaam huondoka hapa wakizilaumu fimbo zao.

Babu haanzi kwa kuitazama grini. Anapoikaribia, akiwa bado mbali, huinua uso kuutafuta mlima. Hata siku za mawingu hufanya hivyo, na watoto nao wameanza kufanya hivyo: unaona vichwa vidogo vyote vinageuka kaskazini. Kisha anawauliza swali lile lile. Nikimwaga ndoo ya maji hapa, yatatokea wapi?

Swali hilo hufundishwa na makocha wengi wa gofu duniani. Lakini likitoka kinywani mwa mtu aliyezaliwa kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga, juu huko mlimani, lina uzito mwingine. Wachaga walichimba mifongo kwa vizazi vingi. Wasafiri wa Kizungu waliofika Kilimanjaro katika karne ya 19 waliiona na kuistaajabia. Ni mifereji inayochukua maji mtoni juu kabisa na kuyapitisha ubavuni mwa mlima, kona baada ya kona, hadi migombani kwa watu. Ukiuinamisha mfongo sana, maji yanakimbia na kubomoa kingo. Ukiulaza sana, yanasimama na kujaa tope. Walioichimba hawakuwa na vipimo vya wahandisi. Walikuwa na maji yenyewe, na subira ya kuyafuata. Babu alipokuwa mdogo alikwenda na wazee siku za kusafisha mfongo, na ananiambia kwamba huko ndiko alikojifunza kuona mteremko ambao haujionyeshi. Mimi namwamini. Nimeona akisimama kwenye grini ambayo mimi ningeapa kuwa ni meza, akaonyesha kwa kidole njia nzima ya maji, mahali yatakapogawanyika, na pembe yatakapotokea. Asubuhi baada ya mvua niliikuta njia hiyo imechorwa na majani makavu yaliyosombwa, pale pale.

Baada ya macho, miguu. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mtoto anasimama katikati ya njia kati ya mpira na shimo, miguu imeachana kidogo, anafumba macho. Babu hasemi neno. Mtoto anatulia, na baada ya muda mfupi unamwona anaegemea, kidogo mno, upande mmoja. Uzito umehamia mguu wa chini. Ndipo Babu anauliza: mguu gani umebeba? Kushoto, Babu. Umebeba sana au kidogo? Kidogo. Basi fumbua macho, utafute kwa nini. Kijana wangu alipofanya hivyo Jumamosi iliyopita, aliangalia chini, akaangalia shimo, akapiga magoti, akaona kitu ambacho hakukiona mwanzo: kibonde chembamba kinachoanza katikati ya grini na kufifia karibu na bendera. Macho yalikuwa yamekiruka. Nyayo hazikukiruka.

Kuna sababu nyingine ya kuwaita watoto mapema, saa moja asubuhi, na si kwa ajili ya kukwepa jua peke yake. Saa hiyo grini ina umande. Mpira ukivingirika juu ya umande unaacha mstari mweusi nyuma yake, na mstari huo unabaki kwa dakika kadhaa. Kwa hiyo mtoto anaweza kupiga, kisha akaenda kuisoma safari ya mpira wake kana kwamba imeandikwa. Babu huwakusanya wote juu ya mstari mmoja. Hapa umekwenda sawa. Hapa bado sawa. Hapa umeanza kukata. Tazameni unavyokata zaidi huku mwishoni. Hakuna ubao wala mchoro unaoweza kulieleza jambo hilo vizuri kuliko hivyo. Mpira ukiwa na kasi, mteremko hauuwezi sana. Kasi ikipungua, mteremko unautawala. Ndiyo maana sehemu ya mwisho, karibu na shimo, ndiyo ya kusomwa kwa makini zaidi, na ndiyo maana Babu hutembea hadi shimoni kabla ya kusema chochote kuhusu pale mpira ulipo.

Pale shimoni anaangalia nyasi. Ukoka, ambao sisi tunaung'oa shambani kama magugu, ndio unaolimwa kwenye viwanja vya gofu vya nchi za joto, na huko nje wanauita bermuda. Hautambai bila mpango. Unalalia upande mmoja. Ukitazama grini ukaona nyasi zinang'aa, zimelala kukupa mgongo, na mpira utateleza. Zikiwa na rangi nzito, zinakutazama, na mpira utasita. Halafu kuna mdomo wa shimo. Shimo likichimbwa alfajiri, kufikia mchana upande mmoja wa ukingo unabaki safi na ule mwingine umechakaa, majani yameng'oka kidogo kidogo. Upande uliochakaa ndio nyasi zinakoelekea. Babu huwapigisha watoto magoti waguse ukingo huo kwa kidole. Wengine ni wadogo kiasi kwamba mkono wote unaingia shimoni.

Sijawahi kumsikia akitaja kasi na mwelekeo kama mambo mawili. Kwake ni uamuzi mmoja. Mpira unaokwenda polepole unahitaji kuelekezwa juu zaidi ya shimo, kwa kuwa utakata sana. Unaokwenda kwa nguvu unaweza kuelekezwa karibu na katikati, lakini shimo kwake limekuwa dogo, maana ukigusa ukingo utaruka. Dave Pelz, Mmarekani aliyefanya kazi NASA kabla ya kuhamia kwenye utafiti wa gofu, alipiga mipira mingi sana kwa mitambo na kufikia jibu kwamba kasi bora ni ile ambayo mpira ukikosa shimo ungesimama kama sentimita 43 mbele yake. Babu hana habari za Pelz. Yeye huweka puta, fimbo ya kuputi, chini nyuma ya shimo, kwa mlalo, na kumwambia mtoto: ukikosa, mpira uguse hapa, usiruke. Nilikwenda na utepe wa fundi nguo nikapima kutoka shimoni hadi pale alipokuwa ameiweka. Ilikuwa sentimita 40.

Kisha anauliza: unataka uingilie mlango gani? Shimo la duara, kwa mtoto aliyefundishwa naye, lina mlango. Kwenye mteremko mlango hauko mbele, uko ubavuni, upande wa juu, kwa kuwa huko ndiko mpira utakakotokea ukiwa unashuka. Mtoto anachagua mlango, anarudi kwenye mpira, anapiga.

Nimeandika anauliza, anauliza, na nataka msomaji alione hilo. Babu anaijua njia ya kila mpira kwenye grini zile. Angeweza kusema lenga shina lile, na mipira mingi ingeingia, na wazazi wangefurahi. Hasemi. Kazi yake ya kedi miaka yote imekuwa kuwapa majibu wanaomlipa, naye huyatoa vizuri. Akiwa na watoto anayafungia majibu hayo kifuani na kutoa maswali peke yake. Huo ni ufundi wa pili juu ya ule wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio mgumu zaidi. Mwalimu anayejua sana hushawishika kusema.

Kedi mwenye ujuzi wa aina hii amewahi kuamua mashindano makubwa kabisa. Carl Jackson, Mmarekani mweusi aliyeanza kubeba mifuko Augusta, mji wa Masters, akiwa mvulana, ndiye aliyekuwa na Ben Crenshaw alipotwaa Masters mwaka 1984, na tena mwaka 1995, siku chache baada ya Crenshaw kumzika mwalimu wake wa tangu utotoni, Harvey Penick. Crenshaw mwenyewe alikuwa miongoni mwa waputi bora wa zama zake, na bado alimtegemea Jackson kwenye grini zile. Ninamtaja kwa sababu jina lake limeandikwa na kuhifadhiwa. Majina ya makedi wa namna hiyo wa Moshi, Arusha, Tanga, Nyali na Entebbe yanajulikana na watu wa uwanjani tu.

Jumamosi hii watoto walikuwa na mashindano yao, mashimo matatu. Sheria za gofu ni kali kuhusu ushauri: mchezaji akiuomba kwa mtu asiye kedi wake, anaongezewa mikwaju miwili. Watoto walicheza bila kedi. Wazazi tulipangwa nyuma ya kamba, na Babu naye akasimama nasi, mikono nyuma. Binti yangu alikuwa amekuja, kwa kuwa mazoezi ya netiboli yaliahirishwa, na alisimama pembeni yake akimuuliza kwa sauti ya chini hiki na kile. Yeye ni mfungaji, na kwenye netiboli mfungaji ana sekunde tatu tu mpira ukiwa mkononi. Alishangaa kuona mdogo wake ameachiwa muda wote ule wa kuzunguka shimo. Babu alimwambia kwamba zile sekunde tatu zake nazo zinaanza kabla mpira haujamfikia, akiwa anatafuta pa kuweka miguu. Hakuwahi kucheza netiboli. Binti alinyamaza, akatazama viatu vyake, na Jumapili jioni nilimkuta uani akirusha mpira kwenye pete ya bomba tuliyoifunga ukutani, kila mara anapanga miguu kwanza, macho yamefumbwa.

Kijana wangu alifika shimo la mwisho akihitaji mpigo mmoja ili asawazishe na mtoto aliyekuwa akiongoza. Mpira ulikuwa hatua sita au saba kutoka shimoni, ubavuni mwa mteremko. Aliutafuta mlima. Alikwenda hadi shimoni, akainama, akagusa ukingo. Alisimama katikati ya njia, akafumba macho, na kwa mbali nilimwona akiegemea kushoto. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, na yalibaki huko. Alirudi, akajipanga, akapiga. Mpira ulipanda kwenda juu ya shimo kana kwamba haulihusu, ukaanza kupinda, ukashuka, ukapita karibu sana na mdomo, upande wa juu, ukasimama nyuma yake kwa umbali wa kiatu.

Haukuingia. Baadhi ya wazazi walisema pole. Babu alitabasamu meno yote. Alisubiri kijana akamilishe, akatie sahihi kadi yake, ndipo akamwita. Mjukuu wangu, umesoma sawasawa, mkono ndio umezidi. Umekosa upande wa juu. Mpira ulioko juu ya shimo bado una njia ya kuingia. Ulioko chini yake hauna. Kisha akamchukua hadi pale pale, wakaweka mpira mwingine, na kijana akaufanyia kazi hadi jua lilipokausha umande na wanachama wakaanza kufika na mifuko yao.

Sasa neno langu kwa viongozi wa klabu zetu, na kwa wanachama wenye sauti kwenye mikutano ya mwaka. Makedi wengi hulipwa kwa raundi. Siku ambayo mgongo utakataa mfuko, kipato kinakoma, na mtu huyo anarudi kijijini na grini zote kichwani mwake. Tengenezeni nafasi ya mwalimu wa watoto, iwe na mshahara, na mpeni kedi mzee mmoja aliyethibitika. Mpeni na kijana mmoja wa kumsaidia, mwenye daftari, aandike kila grini inavyokata na kwa nini. Nanyi wazazi wa Moshi, watoto wanaanza saa moja asubuhi kila Jumamosi. Waleteni kabla umande haujakauka, na viatu viwe vya soli bapa.